Mdhamini Namba Mia Mbili na Kumi

Mnaniuliza kila siku: ana nafasi?
Mnaniuliza sokoni, nimeshika fungu la ming'oko,
mnaniuliza msibani, udongo haujakauka,
kana kwamba sanduku la kura nalilalia mimi.

Nitasema ninachokijua.
Waliochukua fomu ni ishirini na sita.
Kumi ni mawaziri, wa sasa na wa zamani.
Mmoja, baba yake ni jina la uwanja wa mpira.
Wawili magari yao yamekwisha kuchorwa sura zao
na kamati haijakaa.
Chini kabisa ya ukurasa, pale wino ulipofifia,
yuko Somoe Nantapa wa Newala,
mwalimu wa hesabu, diwani vipindi viwili,
aliyeifuata fomu Dodoma kwa basi
akashuka miguu imevimba, viatu mkononi.

Waandishi walimpiga picha moja.
Ilikuwa ya viatu.

Mwanangu Twalibu ni mtu wa mikeka.
Mama, huyo odi zake mia tatu,
ukimwekea elfu kumi unanunua pikipiki.
Nikamuuliza: umemwekea?
Akacheka, akainamia simu.
Elfu kumi yake alikuwa ameipa timu ya Uturuki
ambayo hata jina hawezi kulitamka.

Basi.
Chama kilitaka wadhamini mia mbili kwa mkoa.
Fomu zetu nilizibeba mimi, katika mfuko wa salfa uliooshwa,
Kitangari, Mnyambe, nikateremka hadi Mahuta,
nikaingia kwa wabanguaji wenzangu
tuliokaa benchi moja miaka kumi na minne
kiwanda kilipokuwa kiwanda.
Wasioandika wakatia dole gumba.
Nikafikisha mia mbili na sita, nikalala usingizi.

Karani wa wilaya akaziinua karatasi dirishani.
"Alama hizi hazina mistari, mama.
Hivi ni vidole au vijiko?"

Sikumjibu. Nilimpa mkono wangu aushike.
Mafuta ya ganda la korosho, mwanangu,
yanakula ngozi, yakimaliza ngozi yanakula mistari.
Nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho
mashine ililia mara saba, ikanikataa.
Simu ya Twalibu humfungukia yeye, hata akiwa amelewa.
Mimi hainijui.

Aliutazama mkono muda mrefu. Nadhani alinihurumia.
Kisha akachukua kalamu nyekundu
akafuta sitini na moja.

Zilibaki siku mbili.
Sitawasimulia siku mbili zile,
ila vumbi, na baiskeli ya kuazima, na mwenye baiskeli.
Somoe alipiga simu usiku, sauti inakatika:
"Waliofutwa wanajua kama wamefutwa?"
Nikasema wanajua.
Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha.

Alfajiri ya mwisho akaja Biti Nambunga,
miaka sabini na kitu, mmoja wa wale sitini na moja.
Hakusema hodi. Alisema, lete kalamu.
Akaandika jina lake, mimi nimeshika taa,
herufi moja, apumzike, herufi moja, apumzike,
N ya kwanza ikitazama nyuma
kama mbuzi aliyeitwa.
Mjukuu wake aliniambia baadaye
ukuta wa jikoni wote umeandikwa kwa mkaa,
usiku kucha bibi hakulala, na kuni zimekwisha.
Namba mia mbili na kumi.
Karani aliipitisha, hakuinua uso.

Kamati inakaa Ijumaa.
Watabakiza watano, kisha watatu, kisha yule wanayemjua.
Mimi si mtoto. Nimekuwa katibu wa tawi awamu tatu,
nimeona majina yanavyokatwa
na wanaokata wanavyokunywa chai.
Mkinibana sana nitasema: mmoja kwa mia tatu,
Twalibu hakukosea hesabu.

Lakini jana Biti Nambunga alinisimamisha kisimani.
Hakuuliza kama Somoe ana nafasi.
Aliweka ndoo chini, akafuta mkono kwenye kanga:
"Lile jina langu," alisema,
"huko Dodoma, wamelisoma?"