Herufi Kumi na Mbili

Jina letu lilikufa Jumanne, saa tatu usiku,
hapa Katindo umeme ukiwa upo, ajabu,
na seva nzima, kurasa laki mbili zimekaa humo
kama watu waliofungiwa nyumbani
na mlango wa nje umeng'olewa.

Tulipotezana. Herufi kumi na mbili.
Mama Kavira wa Kitshanga alizisema njiani siku nne
kama rozari, asizisahau, maana simu ilikuwa imezima
na mtoto wa pili hajulikani alikimbilia upande gani.
Alipofika akaziandika. Zikamfungulia
tangazo la kamari ya mpira.

Byamungu hakuwa mwizi, niliseme hilo mapema.
Alilisajili jina enzi zile tuna kurasa sita,
kwa kadi ya shemeji yake, kwa barua pepe ya chuoni,
kwa msajili wa dola moja na senti tisini
ambaye anwani yake ni sanduku la posta, kisiwani, huko.
Akapata kazi Kindu.
Chuo kikafuta barua pepe za waliohitimu.
Maonyo saba yalitumwa,
na yote saba yalifika mahali pasipo mtu.

Tulilikomboa kwa dola mia tatu na arobaini.
Ndipo Paluku wa hesabu akauliza, na ana haki:
"Sasa tunalipeleka kwa nani?"

Mimi nikamkumbuka baba, mwaka wa elfu mbili na mbili,
amesimama juu ya mawe yangali na moto,
anahesabu hatua kutoka ukuta wa kanisa:
thelathini na nane, kushoto, kumi na moja.
"Hapa ni jikoni," akasema.
Jirani akasema, "Hapa ni kwangu."
Nyumba zote mbili zilikuwa chini, hazina la kusema.
Lililosema ni daftari la ofisi ya viwanja,
na karani mmoja mwenye kikohozi
aliyekuwa amelibeba kichwani hadi Sake,
akaliacha godoro lake liungue.

Godoro lake mwenyewe.
Huyo ndiye ninayemtafuta, Paluku,
wala si bei.

Basi usiku wa manane niliwaandikia wasajili watatu
swali moja, kwa Kifaransa changu cha shule:
nikifa leo, jina hili ni la nani?

Wa kwanza alijibu kabla sijaondoa kidole,
akanipa punguzo la asilimia arobaini.
Wa pili alijibu siku ya tano:
"Ombi lako limefungwa. Tupatie nyota."
Wa tatu alikawia saa moja na nusu.
Alikuwa mtu. Alikosea kuandika jina langu.
Akauliza: shirika lenu lina karatasi?
Basi liandikwe kwa shirika, usiliandike kwako.
Tia kufuli, lisihame bila idhini ya watu wawili.
Lipa miaka kumi. Maonyo yaende kwa watatu
wasiolala nyumba moja.
Nami nikifa, akaongeza, yupo mwenzangu,
ameshapewa namba ya ombi lako.

Ni ghali mara sita.
Paluku ameguna, ametia sahihi.

Kwenye fomu, penye "Mwenye jina,"
vidole vyangu vilikwisha andika Kahindo
kwa mazoea tu, kama mtu anavyokalia kiti chake.
Nikafuta. Herufi moja moja, kurudi nyuma.

Leo asubuhi Mama Kavira amekuja tena,
viatu mkononi kwa sababu ya matope ya Ndosho.
Amezipiga zote kumi na mbili kwa kidole kimoja,
akisoma kwa sauti. Ukurasa umefunguka.
Tumetazama pamoja, majina ya jana, ya juzi.
Mtoto bado hayumo.
Amesema Ijumaa atajaribu tena.