Mstari wa 41

Miaka saba nyuma, nikiwa na haraka na mafua,
niliandika maneno matatu ya kutosha kila balaa:
Kosa la sintaksia.
Nikaongeza namba ya mstari, nikajiona mkarimu,
nikazima taa, nikatembea kandokando ya mto Emajõgi
ulioganda kama ulimi wa mtu aliyeulizwa deni.

Leo Heldur Kasemets ameshuka kwenye basi la Põlva,
theluji mabegani, karatasi imekunjwa mara nne mfukoni.
Ana ng'ombe tisini na mashine ya kuchanganya malisho
inayosoma lugha niliyoibuni mimi,
na mlangoni pa lugha hiyo kimesimama kichanganuzi changu
kama askari asiyejua salamu.

"Mstari wa arobaini na moja," akasema.
"Nimeukodolea macho tangu Jumapili. Hauna kitu.
Ni mtupu, Pilvi. Shayiri iko juu, mashudu yako juu,
chumvi iko juu. Huku chini kuna weupe tu.
Mashine yako inasema nimekosa, haisemi nimekosa nini.
Hata mchungaji wetu, na ukali wake wote,
dhambi huitaja kwa jina."

Nikamchemshia kahawa. Sikuwa na jibu.
Kufanya kosa si kosa, kosa kurudia kosa:
haya, na asiyeonyeshwa kosa lilipo
ataachaje kulirudia?

Usiku nikafungua msimbo wangu wa zamani,
aibu ikanipanda kama maji baridi kwenye soksi.
Kilijua.
Kila kilipokwama kilikuwa na jedwali mkononi:
hapa naruhusu koma, hapa naruhusu namba,
hapa sipiti bila mabano ya kufunga.
Kilijua kinachokisubiri, herufi kwa herufi.
Mimi ndiye niliyekiziba mdomo,
nikakifundisha kuguna.

Basi nikakizibua, kikasema yote:
Nilitarajia koma, au namba, au jina, au alama ya kujumlisha,
au, au, au — vitu ishirini na vitatu.
Heldur akapiga simu, ng'ombe wakilia nyuma yake:
"Nimeuliza njia ya kwenda dukani,
umenipa ramani ya nchi."

Siku ya tatu sikula mchana.
Aliyeanguka huambiwa atazame alipojikwaa,
nami miaka saba nawaonyesha watu matope
waliyoangukia.
Nikamkumbuka mama wa makoti kule ukumbi wa tamthilia:
kila koti analolipokea analipa kibati,
na onyesho likiisha, watu wakatawanyika,
koti lililobaki kwenye ndoano
yeye anajua liliingia saa ngapi, na la nani.
Nikakipa kichanganuzi vibati.
Kila mabano yanapofunguliwa, andika wapi.
Kila yanapofungwa, futa.
Kinachobaki, kitaje. Hicho tu. Kisha nyamaza.

Saa tisa za usiku, kwenye skrini:

   Mabano uliyofungua mstari wa 12,
   baada ya neno "shayiri", hayajafungwa.
   Nimefika mwisho wa fali, mstari wa 41, nikiyasubiri.

Nilisoma lile neno nikiyasubiri mara kadhaa.
Mistari ishirini na tisa ya kusubiri,
na mwenzako hana habari.
Nikafikiria watu fulani. Nikamfikiria baba yangu
na mlango ule wa Valga. Nikatuma, nikalala na viatu.

Jibu la Heldur lilikuja kwa posta, kwa penseli,
nyuma ya risiti ya dawa ya kwato:

   Ndama wameshiba.
   Ujumbe wako, sentensi ya pili, neno la nne:
   nimekuta "fali". Nilitarajia "faili".

Nilisahihisha kabla sijavua koti.