Viberiti Mezani

Kiwanja ni hatua arobaini kwa ishirini na sita.
Nimezipima mwenyewe, upepo ukinisukuma mgongoni,
kwa hiyo pengine ni ishirini na nane.
Hapo ndipo ilipoungua nyumba ya kina Barría,
na manispaa ya Punta Arenas, baada ya barua zetu tisa,
imetupa majivu, pesa kiduchu, na neno moja:
pangeni.

Basi tuko jikoni kwa Eduvina, jiko la kuni linanguruma,
karatasi ya kufungia nyama tumeitandaza mezani.
Kiberiti ni benchi.
Punje ya haragwe ni mti.
Kifuniko cha chupa, pipa la taka.
Kikombe kilichokatika mkono tumekiita bembea
kwa kuwa hakuna aliyekuja na kitu kinachobembea.

Yerko anataka mabenchi sita, yote yatazame maji,
meli zikipita tuzihesabu.
Nibaldo, fundi wa mabati miaka thelathini, hambishii.
Anainama, anapuliza.
Pumzi moja, na bustani yote iko sakafuni.
"Huo ni wa Julai," anasema. "Novemba je?"

Tukaokota haragwe chini ya kabati, tukaanza upya:
kwanza ukuta, magharibi, wa mawe,
kimo cha kifua cha mtu mzima;
nyuma yake mabenchi matano, yamekumbatiana kama kondoo.
Kisha miche ya mti uitwao lenga,
ambao kwetu haulengi mbingu;
hulenga mashariki, uendako upepo,
na ukishainama hivyo hauinuki tena, wala haufi.
Taa mbili. Tulitaka nne.
Chemchemi hapana, itaganda.
Mchanga wa watoto uwe na kifuniko,
paka wa mtaa huu tunawajua.

Kikabaki kiberiti kimoja.
Eduvina akakichukua kwa vidole vyenye unga,
akakiweka mbali na ukuta, mbali na miti,
katikati ya weupe wa karatasi.
Tukacheka. Nani atakaa hapo, nanga?
"Hapo palikuwa jiko la Orfelina," akasema.
"Kila jioni huja, husimama.
Juzi nilimhesabia dakika arobaini.
Ana miguu mibovu."

Kuni zikaanguka ndani ya jiko.
Yerko akajikuna sikio, akatazama dirishani kama vile kuna meli.
Nibaldo akauliza tu,
"Liwe na egemeo?"
"Liwe nalo."
"Basi nitalifunga kwa bolti nane, zege futi mbili kwenda chini,"
akaandika, akapiga mstari.

Walipoinuka kutafuta makoti,
nilikitazama kile kiberiti pale kilipokaa,
juu ya jiko la Orfelina,
njiti zake zimejaa.
Nikakiondoa kimyakimya, nikakitia mfukoni.
Mahali pake nikaweka donge la sukari.