Jicho la Sungura

Jumapili usiku naloweka.
Beseni la kuoshea vyombo, maji vuguvugu,
na bahasha za watu nisiowajua zimelala chali.
Stempu haing'olewi kwa pupa.
Ukiivuta, huacha ngozi yake kwenye karatasi;
ukiisubiri, huteleza yenyewe, laini,
kama mtoto aachiaye ziwa akishashiba.

Mume wangu Hefin ananung'unika:
samaki wa leo tena ana ladha ya gundi.
Namwambia, gundi ndiyo iliyomnunua samaki.
Hanijibu. Anajua ni kweli nusu;
nusu ya pili ni mshahara wake wa basi la shule.

Jumatatu nakausha kati ya magazeti.
Jumanne napanga kwa rangi, si kwa nchi,
jambo ambalo wakusanyaji huliona dhambi.
Kwangu Uholanzi na Peru hulala kitanda kimoja
maadamu zote mbili ni kijani cha ukoka.
Wafalme nawakata masikio, nipate mawimbi.
Majenerali nawageuza manyoya ya bata.
Wembe, kibano, pumzi iliyobanwa:
chafya moja hugharimu asubuhi nzima.

Jumatano, sokoni Machynlleth,
meza yangu ya kukunja iko kati ya muuza jibini
na kijana anoaye visu. Mvua haikosi.
Nafunika fremu kwa nailoni, nafunua, nafunika.
Watu husimama, husema, "Kumbe ni stempu!"
hugusa kioo kwa kidole chenye siagi,
huuliza bei, husema ngoja tuzunguke kwanza.
Waliokwenda kuzunguka tangu mwezi wa tatu
nadhani sasa wameimaliza dunia.

Ndipo akaja Idwal Breese, mhasibu mstaafu,
lenzi shingoni kama daktari wa vitu vidogo.
Fremu hakuzitazama. Alitazama simu yangu,
picha za kazi nilizokwisha kuuza.
"Huyu sungura," akasema. "Jicho lake."
Akalikuza mpaka likawa chembechembe.
"Nyekundu hii ulipewa na nani?"
Mfuko wa kilo moja, nikasema,
mnada wa kanisa, pauni nne.
Akakaa kwenye kreti ya jirani bila kuomba.
Akanitajia bei.
Nikamwomba airudie.
Akairudia polepole, kama amsomeaye mgonjwa majibu.

Meza hii ningeilipia kodi miaka kumi na mmoja.
Paa la jikoni lingeacha kulia.

Na jicho lile nililikata mduara kwa mkasi wa kucha.
Nikalipaka gundi nyuma, vanishi mbele,
nikaliuza pauni thelathini na tano, fremu ndani,
kwa mama mwenye koti la rangi ya haradali
aliyekuwa akiwahi treni ya Aberystwyth.
Alilipa taslimu. Jina hakuacha.

"Hata ukimpata," Idwal akasema, "umeshaikata.
Haina tena thamani ya bahasha iliyoibeba."

Na hapo, sijui kwa nini, nikapumua.

Usiku nikamsimulia Hefin.
Aliweka uma chini, akanyamaza kitambo,
kisha akauliza swali moja tu:
"Lakini, alikuwa anaona?"

Alikuwa anaona.
Nyekundu saba nilijaribu kabla ya ile.
Moja ilimfanya mlevi, moja mgonjwa wa surua,
na kwa tano zilizobaki alikuwa maiti mwenye masikio marefu.
Nilipoibandika ile, sungura aligeuka,
naapa aligeuka, akanitazama
kama mtu aliyesikia mlango.

Sasa yuko ukutani kwa watu, mahali fulani,
labda juu ya redio, labda chooni,
anawatazama wakipita na taulo.

Na mimi bado naloweka.
Bado Peru hulala na Uholanzi.
Ila, nisikudanganye,
siku hizi kila nyekundu ikichomoka majini
naisogeza kwenye taa kwanza,
naitazama mbele, naitazama nyuma,
mkasi ukiwa mkono wa pili.