Mguu wa Kuku

Kule Ifwagi habari ya nyumba ilianzia shimoni:
Mwalongo juu ya gogo, Tulinave chini,
kope zimejaa unga wa mti,
na msumeno katikati yao ukienda kama maongezi,
vuta nivute.

"Kuna jicho hapa," sauti ilitoka chini.
"Kubwa?"
"Ngumi ya mtoto. Na mti umejisokota,
umekua ukikimbia upepo."

Basi Mwalongo alichora kwa mkaa
mguu wa kuku kwenye ncha ya ubao,
nao ukateremka mlima kichwani mwa mpagazi
ukimletea baba salamu:
mimi usinibebeshe paa.

Baba barua alisomewa. Mguu wa kuku aliusoma mwenyewe.
Kesho yake mpagazi alipanda tena, na swali mdomoni:
mwenye nyumba kaongeza dirisha,
je, lile gogo la bondeni limekauka?

Kisha trekta likaburura dingidongi hadi msituni.
Kufika saa sita imekwisha pasua kazi ya mwezi,
na katika kelele ile
nani amuulize nani?
Mbao zote zikapewa jina moja: mbili kwa nne.

Siku hizi naagiza nikiwa Mafinga, kidole kwenye simu:
futi kumi na mbili, vipande sitini.
Kijana wa mashine, sura yake siijui,
anajibu "poa". Jioni lori linashusha.

Na nisiseme uongo. Namba ina haki yake.
Mama Kihongosi, mjane, aliambiwa mara tatu
kuwa mbao zimepunguka,
akauza mbuzi, akaongeza,
hana cha kupimia ila neno la fundi.
Fundi huyo alikuwa baba yangu.

Leo binti yake, Sekela, ananisubiri kwenye lori na tepu,
anahesabu kwa sauti,
nami nashika tu upande wa pili.

Nyumba yake tuliimaliza Novemba.
Machi, ukungu umelala wiki nzima, akapiga simu:
"Fundi, ukuta wa kusini unaongea usiku.
Krr. Halafu msumari unachomoza."

"Unasemaje?"

"Mimi nina tepu tu.
Fundi ni wewe."