Kitambaa Kimerudi

Nilimwambia meneja, kwa Kizungu changu cha kuokota,
kwamba kitambaa cha meza kimerudi.
Akaniuliza: kimerudi kutoka wapi?
Akasimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, anakingoja.
Mwisho wa mwezi, mia nane hazikuwamo kwenye bahasha.

Ndiyo sababu niko hapa Barani, Jumanne na Alhamisi,
magoti yamegota dawati la darasa la tatu,
miaka hamsini na mmoja na penseli ya mjukuu.
Malindi yote inakula chakula cha usiku, sisi tunakula vitenzi.

Mwalimu Kadzo anagonga ubao kwa rula.
Goo, wenti, goni.
Tunaitikia. Taa ya mrija inakonyeza.
Iti, eti, itini.
Eti! anadakia Bwana Shee fundi bomba, eti amekula!
Tunacheka mpaka mlinzi anachungulia.

Kati, kati, kati: hiki nakielewa.
Jana kati, leo kati, kilichokwisha katwa bado kati.
Mia nane zangu zinakijua.

Lakini huyu wenti katoka wapi, hafanani na nduguze?
Ni wa kitenzi kingine, anasema Mwalimu, cha kale sana.
Aliazimwa, hakurudishwa.

Na mbona wakaidi ndio hao hao wa kila siku,
kula, kunywa, kwenda, kuvunja, kulala?
Vile vya mara moja kwa mwaka vina adabu,
vyote vimevaa kimkia kimoja.
Nikanyoosha mkono: na sisi je, Mwalimu?
Mtoto tunamwambia soma, cheza, kimbia,
wala hatumwambii kuja.
Tunamwambia njoo.
Nani aliyeipinda?

Kwetu Amu ni ndoo, akasema Bwana Shee,
na hakuna aliyeleta maji.

Kadzo aliishika chaki bila kuandika.
Labda, akasema, ni kwa kuitwa sana.

Leo nimekipata cha kwangu, chini kabisa ya orodha:
shrinki, shranki, shranku.
Nimekiandika mara ishirini.
Ulimi unateleza kama mguu kwenye povu.
Kesho nitamwendea meneja nimesimama wima,
nitamwambia kitambaa kime-shranku,
maji ya mashine yalikuwa moto mno,
na mimi si mashine.

Ila neno lao nalionea huruma.
Linajua kupungua tu.
Kaka yangu Mselemu alikaa Jedda miaka kumi na minne.
Mwezi wa tatu alishuka stendi na begi moja la mkononi,
shati lake la harusi likimpwaya mabegani,
akaniuliza kama chumba chake bado kipo.
Majirani walipopita kuuliza, nilisema amerudi.
Amerudi, kwa maana zote mbili,
na sijui nimwandike safu ya ngapi.