Tundu

Kwa fundi Cirhuza, Kadutu, juu ya ngazi za soko,
fedha haina mwaka. Ina gramu.
Anamimina kopo: vifungo, hereni zisizo na wenzao,
kijiko kilichopinda,
na katikati yake, tembo.

Sarafu ya enzi za Wabelgiji, nyeusi kama sufuria.
Mtu aliitoboa mgongoni mwa tembo
akamvisha mtoto shingoni;
uzi umelilamba tundu hata likafanya mdomo.

"Hii mbovu," asema fundi, "tundu limekula uzito."
Koleo mkononi. Makaa yameiva.

Nalipa hata tundu.

Nateremka na mvua ya Bukavu,
tembo mfukoni akinigonga paja,
nikijiuliza mtoto yule
alikuwa na kikohozi gani.